Nyumba Namba Kumi na Saba, Watu Wawili

Ipo nchi moja, msiniulize ni ipi, maana wenyewe hawapendi kutajwa na mimi nina watoto wa kusomesha. Iko mbali, tena mbali kabisa na hapa tulipokaa. Watu wake ni wapole, viongozi wake ni wasikivu, na kama kuna jambo wanalojivunia mbele ya majirani, ni kwamba wanajua wako wangapi.

Mwaka ule nchi ilipopata bendera, Baba Mwasisi aliamuru watu wote wahesabiwe. Wakahesabiwa. Kazi hiyo ikaitwa Hesabu Kuu, na siku ya kuifunga Baba Mwasisi alisimama jukwaani, akalipigapiga daftari kwa kiganja, akasema, “Hakuna aliyesahaulika.” Maneno mawili tu, lakini watu walilia. Yakachapwa nyuma ya madaftari ya shule, yakachorwa kwenye stempu, na kwa sababu ambayo sikuielewa vizuri yakaandikwa pia juu ya mlango wa chumba cha maiti cha hospitali kuu. Tangu hapo hawakuhesabu tena. Ukishapata jibu sahihi, unarudia hesabu ya nini? Waliozaliwa waliongezwa, waliokufa wakapunguzwa, na daftari lenyewe likafungiwa kwenye kasha la chuma na kuwekewa askari.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya vyandarua.

Serikali ilipeleka vyandarua katika Bonde la Ndorosi, kila raia na chake, sawasawa na daftari linavyosema. Siku ya kugawa, vikaisha watu wakiwa bado wamejipanga foleni. Nchi nyingine, nasikia, wangeleta vingine. Hii haikuwa nchi nyingine. Wizara ya Idadi iliuliza swali ambalo sisi tusiosoma sana tusingelifikiria: ikiwa vyandarua vimeletwa kama daftari lilivyo, na daftari haliwezi kukosea, hao waliobaki mikono mitupu wametoka wapi?

Ikaundwa Tume ya Kuondoa Utata wa Ziada. Neno “kosa” lilikuwa limepigwa marufuku mahali popote penye daftari, kwa hiyo waliita utata. Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Daktari Mpembenwe, bingwa wa wastani, mtu mwenye sauti laini na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Na kwa kuwa Tume ilihitaji karani anayejua njia na lugha ya Ndorosi, akateuliwa Semeni binti Kidobu.

Semeni alizaliwa Ndorosi, akasoma, akaajiriwa Wizarani, akanenepa kidogo kama inavyompasa mtumishi wa serikali. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana mume wala mtoto, na mapenzi yake yote aliyaweka kwenye majalada. Kwake jalada lenye tatizo lilikuwa kama mtoto mwenye homa: unampima, unampa dawa, kesho yake anacheza. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameponya majalada ya watu waliozaliwa kabla ya mama zao na ya wazee waliokufa kisha wakaoa. Aliamini kabisa kwamba binadamu yeyote, hata waziri, ukimweleza jambo taratibu kwa ushahidi, ataelewa. Masikini Semeni.

Tume ilifika Ndorosi na magari, hema na kiyoyozi cha Mwenyekiti. Tatizo likajulikana siku ya kwanza. Hesabu Kuu haikuandika majina, iliandika namba ya nyumba na idadi ya watu tu. Daftari lilisema nyumba hii watano, pale wapo sita. Likasema nyumba ile wanne, pale wapo watano. Waliozaliwa baadaye hawakuwa na shida, waliongezwa kwa utaratibu. Shida ilikuwa wale waliokuwa hai siku ya Hesabu Kuu: karibu kila nyumba ilikuwa na mmoja zaidi, na hakuna aliyejua ni yupi.

Daktari Mpembenwe alianza kwa sayansi. Alisema kila raia ana uzito wa wastani, kwa hiyo wakipimwa wote kwa pamoja, kisha ukagawanya, idadi ya kweli itajitokeza yenyewe. Ndorosi walikuwa na mzani mkubwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Watu wakapandishwa juu ya mzani makundi makundi, wazee, wajawazito, vilema, huku msaidizi akisoma namba kwa kipaza sauti. Walipomaliza na kugawanya, ikaonekana Ndorosi haina ziada hata kidogo. Ina upungufu mkubwa. Kumbe mvua ilikuwa haijanyesha mwaka wa tatu sasa, na watu wa bonde lile walikuwa wamebaki ngozi na mifupa. Mwenyekiti aliyapitia matokeo hayo mara mbili. Halafu akaamuru mzani uwekwe chini ya ulinzi.

Kisha akatoa tangazo. Alisema serikali yao si ya kubahatisha, haiwezi kumwondoa raia halali ikamwacha asiye halali. Kwa hiyo, kuanzia Jumatatu, nyumba yoyote isiyolingana na daftari itaondolewa nzima na kupelekwa kwenye Kituo cha Kusubiri Ufafanuzi, mpaka ufafanuzi upatikane. Kituo kilikuwa huko kwenye mbuga ya chumvi, upande ambao hata mbuzi hawaendi. Watu waliuliza watakula nini. Wakajibiwa kwamba suala la chakula nalo linasubiri ufafanuzi.

Semeni alifungua ukurasa anaoujua kabla hajaufungua. Nyumba namba kumi na saba, watu wawili. Hiyo ni nyumba yao. Siku ya Hesabu Kuu baba yake alikuwa ameshakufa, na ndani walikuwamo watatu: mama yake Bi Sikudhani, yeye Semeni aliyekuwa bado hajaanza shule, na mdogo wake Chande, kitoto cha kutambaa.

Alikwenda nyumbani mchana uleule. Mama yake alikuwa kibarazani anachambua mtama, mwembamba, mgongo umeanza kupinda, lakini macho yale yale. Semeni akamwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda, akaulizwa habari za mjini na kama anakula. Wote wawili walijua amefuata nini.

Hapa lazima niwaeleze mila ya Ndorosi, la sivyo hamtaelewa. Ndorosi mama hamtaji mtoto wake wa mwisho kwenye idadi. Ana watoto wanne, ukimuuliza atakwambia watatu, na hapo hajakudanganya, ndivyo wanavyosema wote na kila mtu kule anajiongezea mwenyewe. Wanaamini kifo husikiliza watu wakihesabiwa, na kikija kuchagua huanzia mwisho. Kwa hiyo mtoto wa mwisho hatajwi mpaka naye apate wake. Basi siku makarani wa Hesabu Kuu walipopita na mabuku yao, akina mama bonde zima waliwaficha watoto wao wa mwisho, huyu uvunguni, yule shambani, yule nyuma ya mtungi. Bi Sikudhani alimfunika Chande kwa tenga la kuku, akampandisha Semeni juu yake, akamwambia akae hapo asiteremke. Karani alipouliza kuna nini ndani, Semeni akajibu kuku. Karani akaandika wawili, akaenda zake.

“Mama, wakielewa watarekebisha,” alisema Semeni.

“Wakielewa nini?”

“Kwamba ni mila tu. Hakuna mtu aliyezidi. Kuna watoto waliofichwa, basi. Wataongezwa kwenye daftari na mambo yataisha.”

Bi Sikudhani aliokota kijiwe kwenye mtama, akakitupa uani.

“Semeni, mimi nilimficha mtu asionekane. Sasa wewe unataka kwenda kuwaonyesha alipo.”

Semeni alimwambia mama yake kwamba siku hizi si kama zamani, kwamba asiposema watachukuliwa wote, yeye na Chande na mke wa Chande na watoto. Mama hakubishana naye. Alimuuliza tu kama huyo mkubwa wao ana mama. Semeni akasema hajui, anadhani anaye. Bi Sikudhani akaendelea na mtama wake.

Asubuhi Semeni aliomba nafasi mbele ya Tume, akasimama, akaeleza yote. Alieleza vizuri, jamani, kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba, na palipokuwa na ziada ya mmoja alionyesha ni mtoto wa mwisho wa siku ile. Kila kitu kikakaa mahali pake. Wajumbe walisikiliza vinywa wazi, na alipomaliza walipiga makofi. Daktari Mpembenwe alitoa leso akajifuta macho.

“Ndugu Semeni,” alisema, “kwa muda wote huu tulikuwa tunajua kuna ziada, lakini hatukujua ni nani. Leo umetupa jibu. Ziada ni watoto wa mwisho.”

Semeni alidhani hakusikia vizuri. Akanyoosha mkono, akasema kwa heshima zote kwamba Mheshimiwa, alimaanisha waongezwe.

“Waongezwe wapi?”

“Kwenye daftari.”

Mjumbe mmoja aliinuka akashusha turubai la dirisha ili walio nje wasisikie. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo. Alimweleza kama anavyoelezwa mgonjwa kwamba Baba Mwasisi alisema hakuna aliyesahaulika, na mtu akisimama hadharani akasema Chande bin Kidobu alisahaulika, hebu afikirie anasema nini juu ya Baba Mwasisi. Kisha akamuuliza je, yeye kama mtumishi wa umma ana la kusema juu ya Baba Mwasisi? Semeni akasema hana. Wakampa cheti cha utumishi uliotukuka, kikiwa tayari kwenye fremu. Sijui walikuwa wakitembea nazo.

Mchana ule alijaribu kuyafuta maneno yake. Aliandika kwamba alikosea, kwamba mila ile haipo, kwamba aliitunga mwenyewe kwa uchovu. Akajibiwa kwamba ufafanuzi ukishapokelewa ni mali ya taifa, na kuharibu mali ya taifa kuna kifungo. Amri ilikuwa imeshabandikwa kwenye ukuta wa kiwanda: kila mama aliyekuwa na nyumba siku ya Hesabu Kuu aitwe, athibitishe kwa kinywa chake nani hakuhesabiwa siku ile, na huyo apande lori. Kuhusu wale ambao mama zao wameshafariki, shauri lao liliahirishwa, maana marehemu hawakuitikia wito.

Semeni alirudi nyumbani. Alimkuta Chande uani anaziba pancha, maana alikuwa fundi baiskeli, na mke wake kampakata mtoto wao mchanga. Kitoto chenyewe kilikuwa cha kike, kimepewa jina la bibi yake, Sikudhani, na kwa mila yao kilikuwa hakijaandikishwa popote. Kaka yake mkubwa, Omari, alikuwa anakimbizana na tairi.

Semeni akasema alichokifanya. Alisema wazi, hakujificha nyuma ya Tume. Chande alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kichupa cha gundi.

“Kwa hiyo, dada, mimi ndiye utata?” akauliza, akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Mke wake alisimama akaingia ndani na mtoto. Semeni alitaka ardhi ipasuke immeze. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote duniani.

Bi Sikudhani ndiye pekee ambaye hakubadilika. Aliuliza jambo moja tu.

“Huyo mkubwa wenu anataka watu wangapi kutoka nyumba hii?”

“Mmoja, mama.”

“Mmoja yeyote?”

“Yule ambaye hakuhesabiwa siku ile.”

“Haya,” alisema Bi Sikudhani, akainuka kwenda kutia maji chunguni. Semeni hakuelewa wakati ule. Kichwa chake kilikuwa bado kinatafuta kifungu cha sheria.

Shauri lilisikilizwa kwenye uwanja wa kiwanda, hadharani, kwa kuwa serikali ile haina siri na watu wake. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, injini inanguruma ili dereva asipate taabu ya kuliwasha. Semeni alikaa mezani kwake na kalamu. Nyumba zilianza kuitwa, na kwa bahati mbaya au kwa makusudi ya Mwenyekiti, ya kwanza ilikuwa ya karani.

Bi Sikudhani alisogea mbele kajitanda kanga yake safi. Daktari Mpembenwe akamuuliza siku ya Hesabu Kuu alimwambia karani wako wangapi.

“Wawili,” alisema.

“Na mlikuwa wangapi?”

“Watatu.”

“Nani hukumtaja, bibi? Sema kwa sauti.”

“Mimi.”

Mwenyekiti alidhani bibi hakuelewa swali. Akalirudia polepole, akimweleza kwamba kwa mujibu wa ufafanuzi uliopokelewa, aliyefichwa ni mtoto wa mwisho.

“Hao wengine sijui walificha nini,” alisema Bi Sikudhani. “Mimi niliulizwa nina wangapi ndani, nikahesabu wanangu. Mmoja huyo Semeni, wa pili huyo Chande. Sikujitia mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, baba, nitajihesabuje?”

Chande aliruka kutoka kwenye kundi, akasema mama yake anadanganya, aliyefunikwa ni yeye. Askari wawili wakamkalisha. Bi Sikudhani hakumtazama. Alimwambia Mwenyekiti kwamba huyo alikuwa kitoto cha kutambaa siku ile, atakumbuka nini. Wa kuulizwa ni huyu mkubwa, yeye alikuwepo na akili zake.

Basi Daktari Mpembenwe akageuka. Na uwanja wote ukageuka naye.

“Ndugu Karani, wewe ulikuwepo. Anayosema bibi ni kweli?”

Semeni alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamtazama vile vile alivyomtazama siku ile alipompandisha juu ya tenga: kaa hapo, usiteremke. Alijua akisema si kweli, Chande anapanda lori. Akisema ni kweli, anapanda mama. Hakukuwa na mlango wa tatu, na hiyo miwili iliyokuwepo alikuwa ameijenga mwenyewe kwa mpangilio mzuri, nyumba kwa nyumba.

“Ni kweli,” alisema.

Akaambiwa aandike, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote.

Mwanasheria wa Tume alinyanyua mkono akaonyesha wasiwasi. Kama mama hakuwepo, alisema, hawa watoto wawili walizaliwa na nani? Isije ikawa nao ni ziada. Mwenyekiti alifikiri, akapekua kanuni, akatoa uamuzi ambao mpaka leo unafundishwa kwenye chuo chao cha utawala. Alisema daftari linauliza wako wangapi, haliulizi nani alimzaa nani. Daftari halina safu ya uchungu wa kuzaa. Limeandikwa wawili, wawili wapo, nyumba imelingana.

Akaitwa mama wa nyumba iliyofuata. Alikuwa bibi kizee mwenye mkongojo, ana mtoto wa mwisho aliyekuwa mwalimu pale kijijini. Naye akaulizwa nani hakumtaja. Akasema mimi. Akaja wa tatu, akasema mimi. Wa nne alikuwa kiziwi, hakusikia swali wala majibu ya wenzake, aliwaona tu walivyojipiga kifua, akajipiga cha kwake. Mwenyekiti alianza kuingiwa na shaka, maana hata bingwa wa wastani huona jambo likimkodolea macho. Lakini msaidizi alimnong'oneza kwamba kila nyumba inayopita inalingana. Uso wake ukakunjuka. Yeye hakutumwa kuuliza akina mama wana nia gani, alitumwa kusawazisha, na kusawazisha kulikuwa kunasawazika. Kufika alasiri lori lilikuwa limejaa, likaitwa la pili.

Walipandishwa kwa kutumia benchi la shule, kwa sababu wengi hawakuweza kuinua miguu mpaka juu. Bi Sikudhani alikuwa na kijisufuria chake na furushi la unga. Askari akamnyang'anya kwa adabu, akamweleza kwamba mtu asiyekuwemo kwenye daftari hawezi kumiliki mali. Chande alikuwa bado amekalishwa chini, analia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemcheka. Semeni alikwenda mpaka kwenye lori, akashika ubao wa pembeni.

“Mama, nisamehe.”

“Ukale,” alisema Bi Sikudhani. “Uso umekuwa mdogo huo. Na lile tenga la kuku msilitupe, bado limekaza.”

Lori likaondoka.

Kuhusu Kituo cha Kusubiri Ufafanuzi nitasema machache, kwa sababu taarifa rasmi nazo zinasema machache. Chakula cha kila kituo katika nchi ile hukadiriwa kwa kufuata daftari, na waliokuwa kule hawakuwemo kwenye daftari, kwa hiyo makadirio yalitoka sifuri na yakapelekwa kwa wakati. Semeni aliandika barua kuuliza hali ya mama yake. Alijibiwa haraka na kwa lugha ya kistaarabu. Kituoni hakujatokea kifo hata kimoja, barua ilisema, wala hakiwezi kutokea, maana ili mtu apunguzwe ni lazima kwanza awe aliongezwa. Alisoma barua ile amesimama, akakaa chini sakafuni ofisini kwake, akalia mpaka mhudumu wa chai akaogopa kuingia.

Vyandarua viligawiwa upya Ndorosi. Safari hii vilitosha.

Nchi nzima ilifurahi. Waziri wa Idadi alihutubia taifa, akasema maadui walidhani daftari letu limechoka, leo waje wahesabu. Neno hilo likawaponyoka wenyewe, maana balozi mmoja mgeni akauliza kwa upole kama kweli anaweza kuja kuona wakihesabu. Serikali haikuweza kukataa. Ikatangazwa Hesabu Kuu ya Pili, ya maonyesho, yenye lengo la kupata idadi ileile. Na kwa kuwa mwenye kujua Ndorosi alikuwa mmoja, Semeni akapandishwa cheo akawa Afisa Mhesabuji wa bonde.

Fomu mpya ilikuwa imeboreshwa kutokana na uzoefu. Ilikuwa na safu ya mitungi, safu ya uvungu wa vitanda, na safu ndefu kuliko zote iliyoandikwa: Matenga, idadi, kilichomo ndani. Kila afisa alifuatana na askari mwenye fimbo ya kufunulia. Ikiwa atapatikana mtoto asiyeandikwa popote, maelekezo yalisema, huyo ni ziada, na lori lipo.

Semeni alitembea nyumba hadi nyumba na askari wake. Bonde lilikuwa kimya. Hakukuwa na bibi barazani hata mmoja. Alipofika nyumba namba kumi na saba, Chande alikuwa amesimama mlangoni. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya lori. Mke wake alikuwa kasimama nyuma yake, mikono mitupu, na Semeni aliona mara moja kwamba ni mitupu mno kwa mwanamke mwenye mtoto ambaye hajaacha ziwa.

Akauliza wako wangapi waliolala humu.

“Watatu,” alisema Chande. “Mimi, mke wangu, na Omari.”

Semeni akaandika watatu. Askari alikuwa ameshaanza kupitisha macho uani. Kwenye kona, chini ya ukuta wa jikoni, lilikuwepo tenga lililofunikwa, na Omari ameketi juu yake, miguu inaning'inia. Alikuwa amekaa wima kabisa, kama mtu aliyeambiwa asiteremke.

“Shuka hapo,” alisema askari.

Omari akamtazama baba yake, baba yake akatazama chini. Mtoto akashuka. Askari akaingiza ncha ya fimbo yake chini ya ukingo wa tenga. Ndani kitu kikasogea, kikatoa kijisauti kidogo, cha kukoroma pua iliyoziba mafua.

Semeni alivuka uwanja kwa hatua za mtu mzito mwenye haraka, akasema amechoka, jua kali, miguu inamuuma, na hakuna hata kiti kwenye nyumba hii. Akaisukuma fimbo kwa mguu na kulikalia tenga. Mafito yalilia, lakini yalikuwa yamekaza kweli. Akaweka fomu mapajani, akafungua kofia ya kalamu.

“Kuna nini humo, afisa?” aliuliza askari.

Chande aliinua uso. Semeni hakumtazama, aliogopa akimtazama atateremka.

“Kuku,” alisema.

Akaandika: tenga moja, kuku mmoja. Akatia sahihi. Alikaa pale akijipepea na jalada mpaka askari alipochoka kusubiri, akatangulia nyumba iliyofuata, ambako naye Semeni alifika na kukuta tenga na mtoto juu yake, na miguu ikamuuma tena. Ilimuuma bonde zima.

Hesabu Kuu ya Pili ilipata idadi ileile, na balozi akapewa kinyago. Wizara ya Mifugo nayo ilifurahi, kwani takwimu zilionyesha kwamba Ndorosi, mahali pasipo na mvua, pameota kuku ghafla. Wakapeleka bwana mifugo na dawa ya kideri. Aliporudi aliandika taarifa nzuri, akisifu juhudi za wananchi, isipokuwa alishangaa kidogo kwamba kila nyumba ina kuku mmoja tu, na kwamba kila alipomwomba mwenye nyumba amwone, alikuta mwanamke mmoja mnene kutoka Wizarani amemkalia.